Mgeni Aliyeuliza Habari za Chumvi

Mzee wangu Shabani,

Mkeo anasema wafu hawasomi barua. Nimemjibu kwamba hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kusoma barua. Ulikuwa unanipa mimi nikusomee huku wewe unatunga uzi. Basi leo nakusomea tena. Nimekaa kwenye kigoda chako hapa dukani kwako, mtaani Rwezamenyo, mlango uko wazi, na cherehani yako bado inalia vilevile, kama mzee anayelalamikia goti. Nimeitia mafuta mara tatu. Haitaki kunyamaza.

Habari za mtaa ni njema. Kinyozi jirani amepaka duka lake rangi ya zambarau, ungekosa usingizi. Wateja wako wanakuja bado, wengine kwa suruali, wengine kuuliza kama ulimwachia mtu ile elimu yako ya nyota. Nawaambia suruali zipo, nyota zimekwenda na mwenyewe.

Sasa nikuungamie kitu, maana sisi Wakatoliki hatuwezi kukaa na jambo tumboni.

Miaka kumi na minne nilikuwa fundi wako, na kila Alhamisi baada ya adhuhuri ulinituma mbali, mpaka mtaa wa Gatsata, kutafuta mkanda wa cherehani au sindano, kisha ukajifungia chumba cha nyuma. Mtaa mzima ulijua kwamba Mzee Shabani yuko khalwa: hali nyama, hali chumvi, hasemi na mtu, anazungumza na wale wasioonekana. Nikirudi nakuta ubani umeingia mpaka kwenye majora ya vitambaa, na wewe una uso wa mtu aliyepewa jibu. Uso ule niliutamani, Mzee. Tulipokuzika niliona kila kitu kimechacha. Napindia suruali ya mtu ambaye naye atakufa, kwa nini? Nikajiambia kwamba maana iko ng'ambo ya tumbo, na wewe ulikuwa unavuka kila Alhamisi. Nikaamua kuvuka.

Nikaanza siku arobaini. Mimi, Mkatoliki niliyekulia Buyenzi kule Bujumbura, nikachanganya kwaresima yangu na khalwa yako, nikapika mchanganyiko ambao sidhani dini yoyote ingeukubali. Chumvi sili, kitandani silali, redio nimeizima. Siku ya kumi nilijiona mtakatifu. Siku ya ishirini nilikuwa nawahukumu wateja. Akiingia mama mnene namtazama kama mtu aliyeiba. Hayo ndiyo niliyoyapata huko juu: dharau na kizunguzungu.

Ndipo mdogo wangu Chantal akapata mchumba. Unajua mama yetu hayupo. Siku ya gusaba, siku ya wakwe kuja kumwomba kwetu, iliangukia siku yangu ya thelathini na sita. Akaja akaniambia, "Espe, weye ndiye uko mama yangu siku ile. Usipokuja, kiti ya mama itabaki bure." Nikamjibu kwamba nguo nitamshonea, lakini kukaa mahali pa kula na kucheka sitaweza, niko kwenye kazi ya roho. Hakugomba. Alisema "sawa" tu, na ile sawa ilinichoma.

Nikamshonea nguo, na hapo ndipo nilipokuaibisha. Siku yangu ya kwanza dukani ulinifundisha kuacha kitambaa cha vidole viwili ndani ya mshono. "Mtu akifurahi ananenepa," ulisema, "mwachie furaha nafasi." Lakini mimi, na njaa yangu takatifu, nilikitazama kile kitambaa cha ziada nikaona ni ulafi. Nikakikata chote. Zilipobaki siku tatu Chantal akaja kujaribu, blauzi ikakataa kufunga. Nikaigeuza ndani nje kutafuta cha kuachia. Hamna kitu, nyuzi tupu. Akakaa kwenye kigoda hiki, bega moja nje, akaniuliza polepole, "Sha, dada yangu, niko nimekukosea nini?"

Hakuwa amenikosea. Nilikuwa nimekikasirikia kifo chako, na mkasi ukaenda kwake.

Nikakimbilia kwako nyumbani kuomba kitambaa chochote kinachofanana. Mkeo, Mama Zuhura, alikuwa jikoni. Akanitazama mashavu, akauliza ni ugonjwa gani. Nikamweleza, kwa unyenyekevu mkubwa, kwamba nafuata khalwa ya mumewe. Mzee, mjane wako alicheka mpaka akashika ukuta.

"Khalwa? Yewe mwana wanjye! Baba Zuhura alikuwa anakula brosheti, nyama ya kijiti. Mimi ndiye nilikuwa namupelekea kwa mulango ya nyuma, brosheti ya mbuzi na ndizi ya kuchoma, na chumvi mingi. Watu walikuwa hawamuachi akule. Ubani ilikuwa ya kuficha harufu."

Kwanza nilikasirika. Miaka kumi na minne ya kupanda na kushuka Gatsata juani ili wewe utafune nyama kwa amani! Lakini akaingia chumbani, akatoka na daftari lako limefungwa kwa sateni ya kijani, akanionyesha ukurasa.

Kumbe ujanani uliwahi kukaa arobaini ya kweli. Umeandika kwamba siku ya thelathini na tisa alikuja mgeni, akakaa mkekani na mkeka haukubonyea. Ukamwuliza maana ya maisha. Naye akakuuliza chumvi ikoje. Ukatafuta la kusema ukakosa, ulimi ulikuwa umesahau. Mgeni akasikitika, akasema: sisi tusio na miili tunatoka mbali kuja kusikia habari za ulimi na ngozi, na kila tukifika tunamkuta mtu aliyevitupa ili afanane nasi. Ninyi mnaitafuta maana kwetu, na sisi tunaitafuta kwenu. Akaondoka. Chini yake umeandika kwa kalamu nyekundu: "Kesho nyama."

Sijui kama alikuja kweli au ilikuwa njaa. Kwa ninavyokujua, vilikuja vyote viwili. Ila nilijiona mwenyewe pale, mtu anayefumua shati mshono kwa mshono akitafuta shati liko wapi. Mama Zuhura akaniwekea sahani. Nilipotia tonge la kwanza mdomoni, machozi yalinitoka, nikalia kwa ajili yako kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Nilikuwa nimefunga hadi kilio, Mzee. Alinishika mgongo akaniongezea mchuzi.

Ile sateni ya daftari nikaiomba. Nikaikata vipande viwili, nikavitia ubavuni mwa blauzi ya Chantal, na ndani ya mshono nikaacha vidole viwili. Rangi hazikulingana sana, shangazi mmoja alisema ndiyo mtindo wa sasa. Nilikaa kwenye kiti cha mama. Nilikula, nilicheka, nilimwona mdogo wangu akicheza mbele ya wakwe, siri yako ikimzunguka mbavu, na hakuna uzi uliokatika. Daftari nimelifunga kwa gazeti, utanisamehe.

Basi lala salama, Mzee wangu. Nimekukosa sana. Nakuahidi vidole viwili katika kila nguo itakayotoka hapa, na nakuahidi Alhamisi. Kila Alhamisi adhuhuri nitakula brosheti papa hapa, bila ubani, na mlango wazi. Akiingia mgeni ambaye kigoda hakilii akikaa, nitamsimulia kila kitu, chumvi, pilipili, na mafuta yanavyochuruzika hadi kwenye kiwiko. Na kama mgeni huyo ni wewe, usione haya. Uliza tu nyama ilikuwaje.

Fundi wako,
Espe