Gari la Kunirudisha Darasani

Jumatatu, 15 Juni

Mazoezi asubuhi. Chali kwenye godoro, mara kumi kila mguu. Nimetembea hadi dukani na kurudi bila kushika ukuta. Miezi mitano tangu nipasuliwe mgongo. Nashukuru.

Mkuu wa shule kapiga simu. Ana huruma lakini hazungushi maneno. Shule inafunguliwa tarehe 6 Julai. Nisipoweza kufika kila siku, kidato cha nne watapewa mwalimu mwingine wa hesabu, mie nitapelekwa ofisini kupanga mafaili. Miaka kumi na tisa nafundisha. Mafaili siyataki.

Darasani nitasimama tu. Tatizo ni kufika. Kutoka huku kwetu Kimara hadi Mwenge, kwenda na kurudi, siku tano.

Jumatano, 17 Juni

Nimejaribu bajaji. Hatujafika hata kwenye lami nimemwomba dereva anirudishe. Nimelala kifudifudi mpaka adhuhuri.

Zaka, mume wangu, anasema tukodi gari kwa mkataba wa muda mrefu, tulipie kila mwezi. Kununua hatuwezi, akiba yote ilikwenda hospitali. Ataendesha yeye. Ananishusha shuleni, anaendelea na safari yake ya kazini Kinondoni. Alisema kama mtu aliyeshaamua kitambo. Sikubisha.

Jumamosi, 20 Juni

Mwenge, kwenye yadi ya mzee Shomari anayekodisha magari. Mpole. Hakuuliza naumwa nini. Aliuliza naweza kukaa kitini muda gani bila kubadilisha mkao. Katika wiki hii yote ni yeye peke yake aliyeuliza swali la maana.

Magari mawili tu tunayamudu. La petroli, jeupe, la zamani. Na dogo la bluu, la umeme. Kodi ya la bluu iko juu, ila petroli hununui. Zaka kajumlisha nyuma ya bahasha, kwa mwezi yanakaribiana. Kwa hiyo mwamuzi ni mgongo wangu.

Nimekaa kwenye la bluu. Kiti kiko juu, sikuinama kuingia. Tumezunguka nusu saa. Halina mtetemo, linaondoka polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kuna mahali nilisahau kabisa kama nina mgongo. Machozi yakanitoka mbele ya mzee wa watu. Aibu.

Lakini lazima lichajiwe nyumbani. Linataka soketi yake, waya mnene, fundi. Na nyumba si yetu. Ni ya Bi. Zuhura.

Jumapili, 21 Juni

Bi. Zuhura anakaa mbele, sie tumepanga uani. Hatusemeshani tangu Desemba. Tuligombana kwa ajili ya zamu ya maji ya tenki, nikamwita mchoyo mbele ya wapangaji wenzangu. Mama wa miaka sabini. Kosa ni langu. Nalijua, ila sijawahi kulitamka.

Nimemwambia Zaka aende yeye kumwomba. Kakataa. Ana haki.

Jumanne, 23 Juni

Nimekwenda. Shikamoo. Marahaba. Nikaeleza habari za gari na soketi, nikiwa nimesimama. Kukaa hakunikaribisha.

"Hapana," alisema. "Kwenye nyumba yangu, hapana."

Sababu hakutoa. Nilirudi uani nimekasirika. Lile neno la Desemba lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Namshukuru Mungu halikutoka.

Tutachukua la petroli.

Alhamisi, 25 Juni

Mzee Shomari katuachia gari jeupe siku mbili tulijaribu kabla ya kusaini. Zaka kanipeleka hadi geti la shule na kunirudisha. Kila tuta nimelisikia kwenye uti wa mgongo. Anaendesha kama kabeba trei ya mayai, haisaidii. Shokapu zimechoka. Kiti kinazama, magoti yanapanda juu.

Kushuka nimeshindwa kunyooka. Nimekwenda na ukuta, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Nimelia. Zaka kaingia bafuni, kafungua bomba, maji yakamwagika muda mrefu. Yeye hapotezagi maji. Najua alikuwa anafanya nini mle.

Magari mengine ya yadi yanatuzidi. Basi, mafaili.

Ijumaa, 26 Juni

Saa tano asubuhi Bi. Zuhura kabisha hodi. Miaka sita, hajawahi kuja mlangoni kwetu. Jana aliniona nilivyoshuka garini.

"Mie sikukukatalia kwa ajili ya yale ya maji," alisema. "Duka la kaka yangu kule Temeke liliungua kwa hitilafu ya umeme. Naye alikuwemo ndani. Tangu hapo nikiona waya mpya moyo unaruka."

Sikujua. Miaka sita ua mmoja, sikujua.

Nilimwambia, "Pole, mama. Na lile neno la Desemba, nisamehe. Nilikukosea."

"Liliniuma," alisema. Akatazama chini kidogo. "Mlete huyo fundi. Ila anieleze mie, si mumeo."

Jumatatu, 29 Juni

Fundi umeme kaja, katumwa na mzee Shomari. Dada mmoja anaitwa Neema, hana haraka. Bi. Zuhura kamhoji kama hakimu. Waya utapita wapi? Mvua ikinyesha je? Ukipata moto? Neema kajibu yote. Kaonyesha kifaa kinachokata umeme chenyewe kukiwa na hitilafu. Kakijaribu mara tatu. Mara ya nne Bi. Zuhura kakibonyeza kwa kidole chake.

Kakubali, kwa masharti. Swichi kubwa iwe barazani kwake. Gari lichajiwe yeye akiwa macho. Akitaka kulala, anazima.

Tumekubali yote. Zaka anapiga mluzi jikoni. Sijamsikia akipiga mluzi mwaka huu.

Jumatano, 1 Julai

Tumesaini. Miezi sita, tukiridhika tunaongeza. Neema kamaliza kufunga waya na swichi jana, gari la bluu liko uani.

Siku ya kwanza tu, saa kumi na moja jioni, umeme umekatika mtaa mzima. Nimekaa dirishani na roho mkononi. Nikiwaza Bi. Zuhura atapata kisingizio, atasema liondoke. Umerudi saa moja kasoro. Nimemwona anatoka na kanga yake, anasimama mbele ya swichi muda mrefu. Kisha kaiwasha mwenyewe.

Jumatatu, 6 Julai

Vipindi vitatu. Kidato cha nne walisimama wote nilipoingia, wengine wakacheka kwa furaha. Nikawaambia wafungue madaftari. Mgongo umechoka lakini hauumi.

Jioni nimemkuta Bi. Zuhura barazani anachambua mchele. Nikasimama nikamwambia ahsante. Kaweka ungo chini, kaingia ndani, akanitolea kiti cha mbao chenye mgongo ulionyooka. Nimekaa. Tumechambua pamoja mpaka adhana ya magharibi.