Mpira Ulioshukia Kushoto

Jumatano

Wewe uliyeokota daftari hili, hata kama ni mama yangu, nakusihi usimwambie mtu. Nitachekwa mpaka Itumba.

Leo Dokta alimwekea Mama Neema wa Ihanda mpira wa shingoni wa kusafishia damu, maana figo zimegoma. Picha ya kifua, ya kuonyesha mpira umefika wapi, niliiingiza mimi kwenye kompyuta. Nikaona mpira umeshukia kushoto, wakati mipira ya wagonjwa wengine wote hushukia kulia. Jasho likanitoka. Nimeigeuza picha! Watauchomoa mpira, mama akose kusafishwa, afe kwa mkono wangu.

Nikakimbilia wodini na hotuba ya kujiuzulu kichwani.

"Dokta, nimekosea. Nimegeuza picha."

"Moyo unauona upande gani?"

"Kushoto."

"Basi hukugeuza kitu. Ungeigeuza, na moyo ungehamia kulia. Mama amezaliwa na mshipa mkubwa upande wa kushoto, na damu yake inafika moyoni vilevile. Tumeshapima, tumo kwenye mshipa sahihi. Mpira unabaki."

Nikashikilia ukingo wa kitanda, Mama Neema akaniangalia. "Mwanangu, nimechomwa mimi, mbona unaumwa wewe? Jamani, mpeni kiti."

Wakanipa. Cha magurudumu.

Jioni amemaliza kusafishwa, ameomba uji. Mimi bado sijaweza kula.

Ukitaka kunirudishia daftari, njoo mapokezi, jina langu usilitaje. Uliza karani aliyetaka kuhamisha moyo wa mtu. Hata mlinzi wa getini atakuonyesha dirisha langu.