Oveni ya Karavani

Jumatatu, 3 Machi

Oveni imekufa. Unga umeumuka, sinia mbili zimepangwa, alfajiri hata jogoo hajamaliza. Nabonyeza, taa inawaka, sahani inazunguka, joto hakuna. Inanguruma tu. Halafu harufu ya kitu kilichoungua. Nikabonyeza tena, na tena. Mjinga mimi, kana kwamba itanionea huruma.

Skonzi nimezimalizia kwa mkaa, juu moto chini moto, nusu zimeungua. Watoto wa chekechea wamekula hivyo hivyo. Wanunuzi wa barabara ya mgodini wamenuna.

Miaka mitatu sasa tangu watafiti wa miamba wafunge kambi na Baba Kabula alilete hili likaravani likivutwa na trekta. Segese nzima ilicheka. Nyumba ya magurudumu, itakwenda wapi? Haijaenda popote. Iko uani juu ya matofali. Ila oveni yake! Imejengewa ndani ya kabati, inapasha kama maikrowevu na inaoka kwa feni kama oveni kubwa. Imenilisha. Leo imenigeuka.

Kabula binti yangu hajala. Anasema mdomo una ladha ya chuma na vidole vinamtetemeka. Nimemwambia ni mimba, miezi saba si mchezo.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wa redio wa hapa sokoni amechungulia kwa tochi, akatikisa kichwa, akadai soda. Amekunywa akaondoka. Huo ndio ufundi wake.

Nimekwenda Kahama kwenye duka la Wahindi la vyombo. Mwenye duka, mzee mpole, amenitolea futi, tukapima zote. Hakuna inayoingia. Zote ni za kuweka mezani. Moja pana kwa vidole vinne, nyingine inapumulia nyuma na kabati langu limeziba nyuma. Akasema, "Dada, ya kujengea ndani sina. Tengeneza hiyo hiyo." Akanipa jina la fundi Bakari.

Nimerudi nimechoka. Baba Kabula anataka tuitupe. Yeye! Mtu anayeshona ndoo iliyopasuka kwa waya! Anasema ataing'oa mwenyewe kesho, fundi wa nini. Nimekataa. Amekasirika mpaka chai hakumaliza.

Jumatano, 5 Machi

Nimemkuta asubuhi na bisibisi mkononi mbele ya kabati. Skrubu mbili ameshafungua. Nimemnyang'anya. Hatukusemezana siku nzima.

Kwaya sikwenda. Mkaa umenimaliza macho.

Alhamisi, 6 Machi



Fundi Bakari amekuja saa tatu. Kijana wa heshima, shikamoo mama, viatu kavua mlangoni. Kachomoa umeme, kafungua fremu nyeusi, boliti mbili za juu ndani ya kabati, kaivuta taratibu. Akagusisha bisibisi mahali fulani ndani, ikalia pa! Anasema umeme hubaki humo hata ukichomoa, unaua. Nilipenda anavyofanya kazi. Nikasema, huyu ndiye fundi.

Ndani ukutani kuna kibao chembamba kama karatasi ngumu. Kimetoboka, kimeungua. Akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna chuma kiliingia humu? Kopo, bati?" Nikamjibu vibaya. Miaka mitatu naoka humu, ananifundisha sufuria ya kuweka? Akaomba radhi. Akafungua bati la nyuma, kwenye feni.

Kwenye mafuta yaliyoganda pale chini ya feni kulikuwa na vitone vyeupe, vinang'aa, vinakimbia kimoja kinakifuata kingine. Bakari akarudi nyuma mpaka mlangoni. Alishafanya kazi karashani, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa. Mimi pia sihitaji kuambiwa. Nani wa huku asiyeijua zebaki?

Akasema, "Mama Kabula, toka nje. Na huyo dada atoke." Kabula alikuwa kitandani nyuma ya pazia, hatua nne tu kutoka pale. Tangu Januari analala humo.

Bakari kaifunga oveni kwenye nailoni tatu, kaiweka mbali kule kwenye mkonge. Hakutaka chochote. Ameondoka bila kuaga sawasawa.

Sikuuliza ni nani. Nilijua.

Ijumaa, 7 Machi

Kwanza Baba Kabula alikana. Eti labda wale watafiti. Nyoo! Watafiti wa miaka mitatu nyuma, zebaki bado inakimbia kama ya jana?

Akasema. Afadhali asingesema.

Wako watano kwenye duara lao, shimo lao la dhahabu. Desturi yao, na ndiyo desturi ya machimbo yote, donge la dhahabu na zebaki linachomwa mbele ya macho ya wote. Mnakaa mviringo, hakuna wa kwenda kujisaidia mpaka moto uzimwe. Hata ndugu wa tumbo moja hawaaminiani pale. Yeye akaona ana akili kuliko wenzake. Anabana vidonge vidogo wakati wa kukamua zebaki, anavificha kwenye soksi, anakuja kuvichoma nyumbani. Kwenye mkaa wangeona moshi. Kwenye oveni yangu kuna feni na kifuniko. Jumatano na Jumamosi, mimi nikiwa kanisani namwimbia Mungu.

Tangu kabla ya Krismasi. Kwenye kopo la nyanya. Jumamosi iliyopita alibonyeza upande wa maikrowevu badala ya kuoka, kopo likapiga cheche. Ndiyo maana ikafa. Ingekuwa hakukosea kitufe, nisingejua mpaka leo.

Nikamuuliza, na Kabula alikuwa wapi wakati unachoma? Mara mbili alikuwa amelala humo, anasema. Halafu akasema neno ambalo sitamsamehe: "Lakini nilifungua dirisha."

Alifungua dirisha.

Nimefagia karavani yote leo, kila kona, kwa hasira.

Jumamosi, 8 Machi

Hospitali na Kabula. Nesi ameandika kila kitu, alichokula, alikolala, kuanzia lini. Daktari kasikiliza mapigo ya mtoto. Yapo, yanakwenda. Mkojo umechukuliwa, unapelekwa mbali kupimwa, majibu ni wiki kadhaa. Nikauliza mtoto atakuwa salama? Daktari akanitazama usoni. Akasema hawezi kuniambia ndiyo, hawezi kuniambia hapana.

Wamesema tusilale humo, tusipike humo, na kikubwa tusifagie. Ukifagia unaivunja vipande vidogo, inapanda hewani.

Nimeshafagia.

Njiani Kabula hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Mayu, wewe hukusikia harufu?" Nikamwambia zebaki haina harufu. Ni kweli haina. Ila jibu lilinitoka haraka mno, kama la mtu anayejitetea.

Jumapili, 9 Machi

Baba Kabula amepiga magoti. Si kwa ajili ya mwanawe. Anaomba nisiseme kwa watu. Wenzake wakijua alikuwa anabana mali watamfukia humo humo duarani. Anasema tuseme ni hitilafu ya umeme, tufunge karavani, basi.

Nami nikinyamaza? Wale watoto wa chekechea nimewalisha skonzi za oveni ile tangu Krismasi. Na mkwe wangu Kahama, mama yake Mathayo, mume wa Kabula. Alinisihi Januari: mwache Kabula kwangu, hospitali iko karibu. Nikamjibu kwa maringo kwamba mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi, ndivyo tulivyofanya sisi na mama zetu. Akakubali kwa heshima. Nikamchukua. Nikashangilia njia nzima.

Huyu mwanaume nimeishi naye miaka ishirini na sita. Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walishavaa nguo hizi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema. Kwanza kwa mwalimu wa chekechea. Amekaa chini kwenye kiti cha watoto, akashika kichwa. Ataita wazazi, wapimwe wote. Amenishukuru, lakini hakunisindikiza hata mlangoni.

Halafu nimempigia mkwe. Mikono imelowa jasho simu inateleza. Nilitaka kuanza na salamu ndefu, sikuweza. Nikasema yote mpaka mwisho. Nilidhani atanitukana. Nikasikia kuku wake wanalia huko. Akasema, "Mathayo anakuja kumchukua mke wake." Akakata.

Bora angetukana.

Jumanne, 11 Machi

Mathayo kafika mapema. Shikamoo yake ilikuwa nzima, heshima yote. Hakukaa. Maji hakunywa.

Niliamka kumpikia Kabula vya njiani. Viazi, mayai, kuku nusu, vyote kwa mkaa nje, sufuria mpya niliyonunua jana dukani. Nikafunga kwenye kitambaa safi. Kabula akakipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha. Akarudi ndani kuchukua nguo zake, wakaondoka. Nilipoingia ndani nikakikuta juu ya benchi, hakijafunguliwa.

Nimekaa nacho mpaka kikapoa.

Alhamisi, 13 Machi

Habari imefika machimboni, nani wa kuizuia. Wenzake wanne wamekuja asubuhi. Nilidhani damu itamwagika, nikafunga mlango. Hawakumgusa. Mkubwa wao, mzee wa Bulyanhulu mwenye jicho moja bovu, alinisalimu tu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu. Pole kwa mtoto." Kisha akamgeukia mume wangu: asikanyage tena kwenye duara. Kofia yake na tochi yake wameviacha getini.

Nilimwona analia. Sikusikia kitu ndani yangu. Hilo nalo limenitisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetoka sokoni nasikia msumeno. Baba Kabula yuko kwenye karavani! Kanunua oveni mpya ya mezani, sijui kakopa wapi na sitauliza, anakata kabati ili iingie. Mbao zinaruka. Kabati lile lile lililonyonya sumu miezi mitatu, analipasua, vumbi uani kote.

Amejifunga kitambaa puani. Anasema, "Nakurekebishia." Anatabasamu!

Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. Utamlisha nani humo? Nani atakula? Hata kuku nawafungia upande wa pili! Akashusha msumeno. Akasema sasa afanye nini. Nikamwambia azime redio, ilikuwa inaimba.

Bwana afya wa kata kaja jioni, kafunga mlango kwa mnyororo, kaondoka na ile ya zamani kwenye pipa. Mpya imebaki humo ndani, nusu imeingia kabatini, nusu iko nje.

Jumatatu, 7 Aprili

Majibu. Imo mwilini mwa Kabula, zaidi ya inavyotakiwa. Kanipigia Mathayo, si yeye. Daktari anasema inashuka polepole maadam ameondoka. Mtoto anacheza tumboni. Zaidi ya hapo hakuna anayejua.

Watoto wawili wa chekechea nao imo kidogo. Mama zao nakutana nao kisimani. Mmoja ananisalimia.

Mimi nimepimwa pia. Imo. Sawa tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Sioki. Nauza mchicha na nyanya, vitu ambavyo mtu anaosha mwenyewe kwake. Baba Kabula anavunja kokoto kwa watu. Tunakula pamoja, hatuongei. Kwaya wameniita mara tatu. Sina wimbo.

Jumanne, 13 Mei

Amejifungua. Wa kike. Amelia palepale, anasema Mathayo, sauti kubwa. Vidole vyote. Daktari atamfuatilia mpaka atembee, mpaka aseme.

Nililala chini sakafuni nikalia mpaka shingo ikauma.

Mkwe naye kazungumza kwenye simu. Sauti si kali. "Njoo umwone mjukuu wako, mama. Ila usilete chakula."

Alhamisi, 15 Mei

Kahama na kurudi. Mama wa mzazi ameingia nyumbani kwa mwanawe bila uji, bila kuku, bila hata limau. Kondakta aliniuliza mzigo uko wapi, nikamwambia sina.

Kabula yuko sawa, amekonda. Aliniita mayu. Mtoto alikuwa amelala, ana nywele nyingi. Nilinyoosha mikono nikairudisha, nikaomba maji. Mkwe akanipeleka kwenye bomba la uani, akanipa sabuni. Nikanawa. Nikanawa tena mpaka viwikoni. Nikageuka, bado amesimama anatazama mikono yangu.

Nikanawa mara ya tatu.