Televizyo Bubu na Sauti ya Mama Mkwe

Mama Laetitia mpendwa, nisaidie kabla Jumapili haijafika, maana Jumapili shemeji yangu Serge, mchezaji mpira wa zamani, anakuja kutoka Salamabila na televizyo mpya, nyembamba kama ubao, ataifunga kwa blanketi nyuma ya pikipiki, na mimi ndiye mwanaume pekee hapa Kasongo anayeomba mvua inyeshe barabara ikatike.

Televizyo yetu ni ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, na imezeeka kidogo kidogo, kwanza rangi nyekundu ilipotea tukazoea kutazama watu wa kijani, kisha ikawa haiwaki bila kofi, tukawa tunaipiga, na mwezi uliopita sauti ikakatika kabisa. Mke wangu Yvette akabadilisha betri za telekomande, jirani yangu Joël akapuliza vumbi akatoa mjusi mkavu, wengine wakasema ni jini, tukamwita mzee Amuri wa msikitini, akaizunguka, akasema, "Miye naombeaka watu. Hii muipeleke kwa fundi."

Sasa ujue, mama, kwamba mama mkwe wangu tunaishi naye, na kwa desturi yetu, anayoisimamia mjomba wa Yvette huko Lusangi, mkwe haketi chumba kimoja na mama wa mke wake wala hasemi naye uso kwa uso, kwa hiyo yeye hukaa sebuleni na mimi hukaa barazani chini ya dirisha, mgongo ukutani, nasikiliza mpira wa televizyo yangu mwenyewe. Siku sauti ilipokatika timu ya taifa ilikuwa uwanjani, nikaguna kwa uchungu, na mara nikamsikia mama mkwe ndani anasema polepole, kama anayeongea na sufuria: "Huyu wa bluu ameanguka. Hakuna mutu amemugusa. Iko muvivu tu."

Akaendelea: "Na huyu wa filimbi, anakimbia tangu mwanzo na hawamupe mupira hata kidogo. Aliwakosea nini?" Kisha: "Wanakumbatiana wote. Labda kuna mwenye mukewe amezaa." Hivyo ndivyo nilivyojua tumefunga goli.

Mama Laetitia, nilicheka mpaka nikauma kofia. Tangu siku hiyo anatusimulia kila kitu, hata habari ("Mukubwa moja iko nasema. Midomo inakubali, macho inakataa"), na Joël, ambaye televizyo yake ina sauti nzima, anaiacha kwake anakuja kukaa barazani kwangu.

Shida ni hii. Fundi Iliasi, tuliyemwita baadaye, alipofungua kisogo cha televizyo aliniita pembeni akaniambia, "Ni waya tu moja imeachia. Nifunge?" Nikamwambia, "Acha vile. Sema imekufa." Akasema imekufa, Yvette akalia, akampigia kaka yake, na ndiyo hiyo televizyo mpya inakuja. Nikisema ukweli, waya unafungwa na sauti inarudi, nikinyamaza, mpya inaingia na sauti yake, na kwa njia zote mbili mama atanyamaza. Tangu nioe hajawahi kunielekezea neno, nilidhani hanipendi, na sasa nikiisikia sauti yake dirishani naona raha ambayo sijui hata nikueleze namna gani. Nifanye nini?

Gédéon, Kasongo

*

Gédéon, nimecheka, nimefuta machozi, na sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umeifanya nyumba nzima kuwa kiziwi kwa ajili ya raha yako. Watoto wanatazama midomo ya watu. Mke wako amelilia waya. Na shemeji yako anataka kupita matope yote yale na kioo mgongoni, kisa wewe uliona haya kusema, "Nampenda mama mkwe wangu." Mficha uchi hazai, baba. Mpigie Serge leo, kabla hajanunua blanketi, lakini anza na Yvette, tena mwambie peke yake. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki.

Kuhusu televizyo yenyewe: mwite Iliasi aufunge waya. Wewe usitie mkono humo ndani, hata ukiwa umechomoa, maana vile vioo vya zamani huweka umeme tumboni na havimjui mwenye nyumba. Na makofi yaishe, kwa sababu ndiyo yaliyoulegeza huo waya. Watu wa kijani hawajaua mtu, kaeni nao. Ila siku picha ikianza kujikunja iwe mstari, au mkisikia harufu ya kuungua, izimeni na msiirekebishe tena. Hapo ndipo mtamwita Serge.

Tuje kwa mama. Gédéon, unaamini kweli kwamba mwanamke aliyemlea Serge, akafua nguo zake za mpira, hajui mwenye filimbi anafanya kazi gani? Alikusikia ukiguna. Desturi ilimkataza kusema nawe, basi akasema na sufuria. Vichekesho vyote hivyo alikuwa anakupikia wewe, na wewe unauliza kama anakupenda!

Kwa hiyo usilinde waya uliokatika. Haya ya ukwe ina njia yake ya kuondolewa, na wazee wa mke wako wanaijua. Kwetu mkwe hutoa mbuzi na kitenge, kwenu waulize. Nenda Lusangi kwa mjomba wa Yvette, nenda mwenyewe, usimtume mtu, na utakachoambiwa ulete, leta bila kubishana. Wakikufungulia njia, ingia sebuleni kwako, mwamkie mama kwa sauti yako, kisha ukae. Siku ya kwanza wewe utatazama miguu yako na yeye atatazama ukuta. Vumilia, usikimbilie barazani. Naye amengoja miaka ile ile uliyongoja wewe.