Mawe Mbele ya Nyumba ya Mama Viviane

Likasi, tarehe 6 Mei 1996

Mpendwa Mama Viviane,

Nakusalimu sana, na natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, wewe na watoto. Mimi ni mzima, ukiacha magoti, ambayo siku hizi yananiamrisha kama bwana mkubwa. Anwani yako nimepewa na Élise, yule muuza samaki, aliyekuona sokoni Mwene-Ditu. Alisema umekonda. Nikamjibu kwamba wewe hukunenepa hata ulipokuwa na mimba ya Viviane.

Ni miaka mitatu sijakuandikia. Sijui niseme nini juu ya hilo, kwa hiyo nakuletea habari.

Commune yetu, serikali ya mtaa, imetukumbuka wazee. Wametenga fungu la kodi ya soko: mabenchi manne njiani, na chuma cha kushikilia kwenye ngazi za dispensari. Magari yaliyokuwa yakitupeleka kutibiwa yalikufa zamani, sasa tunakwenda kwa miguu. Wamechagua kamati ya wazee, na mimi nimo. Usicheke.

Kila mmoja alitaka benchi mbele ya mlango wake. Basi nikatoa shauri tutembee wote kutoka soko mpaka dispensari, kila mtu na jiwe lake mkononi, na pale miguu itakapokataa aliweke chini. Tulikuwa thelathini na mmoja. Mawe kumi na manne yalilala mahali pamoja, mbele ya nyumba yako, kwenye kile kibaraza ulipokuwa ukituwekea mtungi wa maji. Mtungi haupo tena, lakini watu bado wanasimama pale.

Hakuna aliyetaja jina lako. Floribert, karani wa commune, ndiye anayekaa katika nyumba hiyo siku hizi, na ndiye anayeandika taarifa za kamati. Aliandika tu: "Benchi la kwanza, nyumba namba arobaini na mbili." Nimeona nikuambie kabla hawajamwaga simenti.

Dada yako,
Germaine


Mwene-Ditu, tarehe 2 Julai 1996

Mama Franck,

Barua yako imefika. Tuko wazima. Viviane, mtoto wako wa ubatizo, amezaa msichana.

Unaniandikia habari za mabenchi. Mwaka 93, walipotutoa katika nyumba zetu kwa sababu baba zetu walitoka Kasai, na ninyi wenyeji mkabaki, tulikaa stesheni ya Likasi siku ishirini na tatu tukingoja treni. Tulilala chini. Alphonse alikuwa na miaka sitini na nane. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, jioni kwa jioni, akitoka kazini kiwanda cha Shituru. Alikufa siku ya kumi na sita.

Kutoka kwako mpaka stesheni ni dakika ishirini. Kila asubuhi niliangalia barabara. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kukugombeza kwa kuchelewa.

Sitaki nyumba, sina nguvu ya kuidai. Nataka jambo moja. Katika hiyo kamati, mbele ya Floribert, useme kwa nini wazee wanasimama pale, nyumba ni ya nani, na wenyewe wako wapi. Utaje jina langu na la Alphonse, na yaandikwe. Ukishindwa, usiniandikie tena.

Mimi,
Marceline, mjane wa Alphonse


Likasi, tarehe 19 Agosti 1996

Dada Marceline,

Salamu kwako, na hongera kwa mjukuu. Mbebe kwa niaba yangu. Ulisema nisikuandikie nikishindwa. Nimeshindwa, na ninaandika.

Nilikuja stesheni. Ilikuwa siku moja baada ya kusikia kwamba Alphonse amefariki. Nilipika ugali wa bukari na mboga ya sombe, nikaenda mpaka pale reli inapokata barabara. Vijana wale wale waliowatoa majumbani walikuwa wamesimama hapo wakimwuliza kila mtu anakwenda kwa nani. Niliwaambia nimepotea njia. Mimi, niliyezaliwa Likasi. Nikarudi nyumbani, chakula kikiwa bado cha moto, na tukakila.

Katika kikao cha Julai nilinyoosha mkono. Floribert akasema, "Mama Germaine, sema." Nikauliza kama simenti itatosha.

Mwanangu Franck alikaa muda mrefu bila mshahara. Floribert ndiye aliyempatia kazi ya kulinda soko, na kwa kazi hiyo wajukuu watano wanakula. Sikuambii haya ili unisamehe. Nakuambia ili ujue kwamba nilikuwa mwoga mwaka ule na bado ni mwoga leo. Kikao kingine ni mwezi ujao.

Dada yako, kama bado unakubali,
Germaine


Likasi, tarehe 28 Septemba 1996

Dada Marceline,

Natumaini mu wazima. Hukujibu, na ulikuwa na haki.

Jana bourgmestre mwenyewe, mkuu wa commune, alikuja kwenye kikao. Floribert akasoma orodha, na alipofika namba arobaini na mbili nikasimama. Nilisema hivi, kwa lugha yetu ya mtaani: "Ile nyumba ni ya Alphonse na Mama Marceline. Balibafukuza. Alphonse alikufa ku stesheni. Tunapumzikaka pale sababu Mama Marceline alikuwa anatupatia mayi. Na shiye bote tulinyamaza, minye wa kwanza."

Floribert aliweka kalamu chini. "Mama, ile mambo ilishapita. Leo tuko pa kazi ya ma-banc."

Bourgmestre alitazama saa yake. Ndipo mzee Mathilde, ambaye masikio yake unayajua, akauliza nimesema nini, na ikabidi niyarudie yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mathilde akatikisa kichwa, akasema, "Ni kweli. Minye nilikunywaka ile mayi."

Sasa nikuambie yaliyofuata. Mimi simo tena katika kamati. Benchi letu wanalijenga mbele ya lango la ofisi ya commune, mahali ambapo hakuna mzee anayechokea. Leo asubuhi Franck ameambiwa asirudi sokoni. Hanisemeshi. Mkewe ananisemesha, na afadhali angenyamaza.

Ulitaka majina yaandikwe. Floribert hakuyaandika. Nimeyasema, na mashahidi ni wazee ishirini na wawili, nusu yao viziwi. Hicho ndicho nilichoweza, na najua nimechelewa. Ukitaka kuja, kwangu kuna kitanda.

Dada yako,
Germaine


Mwene-Ditu, tarehe 15 Januari 1997

Germaine,

Salamu kwako na kwa watu wote wa nyumbani. Sisi tu wazima, ila Viviane alikuwa na malaria, sasa anaanza kula. Barua zako mbili nilizipata kwa siku moja. Waliozibeba walikwama wote Kamina, wa kwanza mwezi mzima na zaidi, treni ikiwa imekufa.

Nilisoma kwanza ile ya Agosti. Mlikila kile chakula. Siku tatu sikugusa ile nyingine, nilikuwa na hasira mpaka Viviane akaificha isije ikaingia motoni. Baadaye nikamwambia ailete, aisome kwa sauti. Alipofika kwenye jina la baba yake nilimwambia arudie.

Nasikitika kwa ajili ya Franck. Nilipokuomba jambo lile nilijua linaweza kuwagharimu, na bado nilikuomba. Mwambie hivyo, akukasirikie wewe kidogo na mimi kidogo.

Kitanda nakushukuru, lakini sitarudi. Siwezi kusimama mbele ya mlango wangu nikibisha hodi kwa Floribert. Na siku ile uliyowaambia vijana kwamba umepotea, bado sijaisamehe. Najaribu. Kuna asubuhi ninafika karibu, halafu naikumbuka stesheni.

Hapa akina mama wa parokia wana kawaida ya kuuliza kama mtu aliacha jamaa huko Likasi. Miaka hii yote nimewajibu kwamba nimemwacha mume wangu makaburini, basi. Jumapili iliyopita mmoja aliniuliza tena. Nikamwambia nimemwacha mume, na dada yangu.

Marceline