Amiba ya Shadia na Jina la Marehemu

Kasingirima, Ujiji,
Kigoma.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa wifi yangu Asia,

Shikamoo dada, na amani ya Mungu iwe juu yako. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani kwako huko Mpulungu, miguu umeinyoosha, na lile goti limeacha kukunyima usingizi. Shemeji Abdulatif naye hajambo? Kikohozi alichoanza nacho mwaka kimeisha, au bado anakataa kunywa dawa kwa kisingizio cha uchungu wake? Huku sisi tu wazima. Vumbi la kiangazi limeanza na mafua yake, lakini hayo ni ya kila mwaka.

Idi tumeila kwa furaha. Mwanangu Ashraf alikuja na mkewe kutoka Kasulu, wakachinja, na pilau nikapika mwenyewe. Tulikutaja sana, maana hapakuwa na mtu wa kutukemea kwamba bizari imezidi.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Wifi, simu zetu tumeshazijaribu. Kila nikimtaja binti yetu Shadia unaniuliza kama mvua zimekatika. Mara ya mwisho uliniambia mtandao unasumbua, nami nilikuwa nakusikia vizuri mpaka pumzi. Barua ni nzuri kwa sababu huwezi kuikata katikati. Ukikasirika utaiweka chini, ukipoa utaiokota.

Habari hii uliisikia kwangu siku nilipokuwa na hasira, kwa hiyo uliisikia vibaya. Acha niianze upya.

Unakumbuka jinsi mdogo wako Chande, mume wangu, alivyoondoka. Wewe ulifika arobaini imeshasomwa, na udongo wa kaburi umeshakauka. Tulimtibu malaria, tukamtibu vidonda vya tumbo, na homa inapanda na kushuka huku yeye ameshika ubavu wa kulia hasemi kitu, kama kawaida yake. Picha ilipopigwa likaonekana jipu kwenye ini, na daktari akasema limeletwa na amiba. Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kuingia nyumbani kwetu, na halikutoka tena. Lilipasuka kabla hawajaliwahi.

Shadia alikuwa bado yuko sekondari. Aliposema anakwenda chuo kusomea viumbe vidogo vya majini, nilidhani anakwenda kulipa kisasi. Nikamwombea dua afanikiwe.

Kisha akarudi huku kwa utafiti. Akawa anashuka ziwani na ndoo, anachota mchanga wa kwenye maji ya kina kifupi, analeta chupa anazipanga dirishani kwangu mpaka nikakosa pa kuweka ungo wa dagaa. Humo ndimo alimomkuta huyo amiba wake. Ni mdudu asiyeonekana kwa macho, mwili wake laini kama ute wa yai, hana mfupa wala jicho. Lakini anaokota chembe za mchanga, anazigandisha pamoja, anajijengea kijumba kama chungu chenye mdomo, na anaishi humo.

Wako wengi wa namna hiyo duniani, wifi. Huyu alionekana si miongoni mwa waliokwisha kuandikwa. Shadia alipompelekea picha mwalimu wake, Daktari Regina wa Dar es Salaam, yule mama akamjibu, “Usimwite mpya mpaka umeshindwa kumwita wa zamani.” Sentensi hiyo binti yako aliisema nyumbani mpaka nami nikaishika.

Ndiyo ikawa kazi yake. Anapima vile vyungu, kimoja kimoja, mamia, anavilinganisha na vya Ulaya na vya Brazili. Huyu wetu mdomo wa chungu chake una pengo-pengo kama meno ya mtoto, na shingo imepinda. Daktari Regina akasema huenda ni wa kawaida ila wamelemaa kwa maji machafu. Shadia akaenda kuchota mbali na mji, akawakuta vilevile. Ikabaki kuchunguza nasaba yao, kazi inayofanywa kwa mitambo nchi za nje. Sampuli za kwanza ziliharibika njiani. Mvua zikanyesha, ziwa likachafuka, hakupata hata mmoja mpaka kiangazi kilichofuata. Nilimwona anakonda, nikadhani ni mapenzi.

Majibu yalipokuja yalisema huyu ni jamaa wa wale wanaojulikana, ila si wa tumbo moja nao. Ana ukoo wake. Na kwa desturi ya hao wasomi, anayemtambua mdudu mpya ndiye anayempa jina.

Tulikuwa tunakula mchana, ugali na samaki wetu wa ziwani, migebuka. Shadia akanawa mikono kabla hajashiba, akasema, “Mama, nataka kumpa jina la baba.”

Nikamuuliza, “Nani?”

“Huyu amiba wangu.”

Wifi, sijui nikueleze vipi. Nilihisi kama amemfukua. Nikamwambia, “Shadia, kilichomla baba yako ndicho unachotaka kukiita Chande?” Akaanza kunieleza kwamba si yule, kwamba wako mbali, sikumsikiliza. Nikainuka na kukupigia wewe.

Nawe ukamtumia kwa simu ile sauti uliyoirekodi. Nakukumbusha tu, silaumu, kwa maana siku ile ningeisema mimi mwenyewe. Ulisema, “Mdogo wangu si mdudu. Na usiniite shangazi mpaka uliache jambo hilo.” Aliisikiliza uani amesimama, hadi mwisho. Kisha akaanika nguo zilizokuwa zimebaki kwenye beseni.

Tukaishi hivyo kwa miezi. Salamu zipo, chakula kipo, maneno hakuna. Mgeni akiuliza kazi yake naye akataja amiba, mimi natoka sebuleni. Nilikuwa najiambia nakwenda kutazama jiko.

Aliyenigeuza ni jirani yangu Agnesi, yule mama wa Kiha tuliyepakana naye ukuta, aliyekukanda goti ulipokuwa hapa. Mwezi uliopita aliingia kuomba chumvi, akaniuliza kwa nini mama na mwana tunapishana kama wapangaji. Nikamweleza yote. Akanisikiliza, akauliza, “Na wewe umeshamwona huyo mdudu?”

Nikasema sijamwona.

“Hata mara moja?”

Nikasema sina haja. Akachukua chumvi yake akaenda. Hakunisema. Lakini nilikaa pale jikoni nikaona nimegombana na mwanangu kwa ajili ya kitu ambacho sikijui kimekaaje.

Kesho yake nikamwambia Shadia anipeleke. Hakuuliza kwa nini. Asubuhi tulishuka ziwani pamoja, nikamshikia ndoo huku yeye amekunja gauni, maji yamemfika magotini. Tulipanda bodaboda mpaka kwenye kituo wanakofanyia utafiti. Akadondosha tone la maji kwenye kioo, akaniwekea kiti kwenye hadubini, akanishika kichwa taratibu kukielekeza, kama nilivyokuwa nikimshika yeye nikimsuka.

Mwanzoni niliona ukungu tu. Halafu nikakiona kile chungu. Wifi, kimejengwa. Chembe kubwa chini, ndogo juu, zimepangana. Mdomoni pakatoka kitu cheupe kama mvuke, kikajinyoosha polepole, kikagusa chembe ya mchanga, kikaiacha, kikagusa nyingine. Nilikuwa nimekwenda na chuki yangu yote. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Ni kiumbe kinatafuta riziki yake.

Nikamuuliza Shadia, “Na yule wa baba yako?”

Akasema yule hana nyumba. Anakaa matumboni mwa watu, anahama kwa uchafu. Wote wanaitwa amiba, lakini wametengana tangu zamani za zamani, na jina moja haliwafanyi kuwa ndugu, kama vile Chande wetu na akina Chande wengine wote wa Ujiji. Akasema amemsoma yule kuliko wote, sura yake, mwendo wake, dawa yake. “Nilitaka kujua baba aliuawa na nini,” akasema. “Nilipomjua nikachoka naye. Hapa mtaani mtu akisema amiba, anasema kifo cha baba. Nikatamani neno hilo libebe na kitu kingine.”

Wifi, sisi tulilia, tukapika, tukasomewa hitima, watu wakatushika mikono. Yule mtoto hakuna aliyemuuliza. Tulimwambia asome. Naye akasoma, miaka yote hiyo, peke yake, yupo na kile kile kilichotutoa machozi.

Nikamwambia, “Basi mpe jina la baba yako. Mimi nimeridhia, na shangazi yako nitazungumza naye.”

Akaondoa kile kioo, akakisafisha, akakirudisha kwenye kasha lake. Kisha akasema, “Mama, jina limeshatoka. Lilichapishwa kabla ya mfungo.”

“Umempa jina gani?”

“Ujiji.”

Alinieleza kwamba jina likishachapishwa halibadilishwi, hata aliyelitoa akijuta, hata ikiwa kwa ajili ya mama yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ameacha, tukakaa miezi yote ile kama wapangaji. Akasema hakutaka nione kwamba nimemshinda, wala kwamba amenipa zawadi ninayodaiwa.

“Nilikuwa nakuona unavyotoka sebuleni,” akasema. “Nikaona nitafute jina utakaloweza kulitamka bila kulia.”

Nililia hapo hapo. Mhudumu wa kituo akatoka nje akatuachia chumba.

Basi ndivyo lilivyokwisha, wifi. Nimekuja kusema ndiyo wakati ndiyo yangu haina tena kazi. Nilisikitika kwa siku kadhaa, hata nikamuuliza kama hakuna mwingine kwenye zile chupa. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tulipogombana, akasema wapo ambao hajawatambua, lakini hawatafuti tena kwa ajili hiyo. Nami nimeridhika. Chande tutamtaja kwenye dua zetu, huko jina lake halihitaji kuchapishwa na mtu.

Sasa nakuja kwako. Wewe ndiye uliyembeba Chande mgongoni mama yenu alipokuwa sokoni, na ulipopata habari ya jina uliumia kuliko mimi, najua. Hukukosea kumlinda. Lakini yule mtoto ameliacha jambo lile, na hakuliacha kwa kutishwa. Tangu ile sauti yako hajakuita shangazi, si kwa ukaidi, ni kwa sababu ulimkataza na bado hujamruhusu. Anakuulizia kwa kukuita “Mama wa Mpulungu”. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilidhani ni utani. Si utani. Anatii.

Mpigie. Usimwombe radhi, hataki, na utamwonea aibu bure. Muulize tu jina la mdudu wake linasomwaje. La kwanza ni la ukoo, refu, linanishinda. La pili ni Ujiji wetu, mkiani wamelivisha Kilatini. Atakusomea polepole, nawe utarudia, na ukikosea atakusahihisha. Mimi nimekosea mara nyingi na hajachoka.

Ziwa ni lile lile moja, wifi. Maji anayoyachota yeye huku ndiyo mnayoyanywa huko kwenu.

Nisalimie shemeji Abdulatif, mwambie dawa inywewe. Nisalimie Wema na watoto wake, na yule mdogo wa mwisho niambie kama ameanza kutembea. Ashraf na mkewe wanakuamkia. Agnesi anauliza goti, na anasema mafuta ya kukandia yakiisha umwagize mengine. Shadia sikumwambia kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake atakupa mwenyewe utakapopiga.

Mwenyezi Mungu amrehemu Chande, akupe wewe afya na moyo mwepesi, na atukutanishe tukiwa tungali na meno ya kutafunia pilau ya Idi nyingine.

Wifi yako akupendaye,

Kuruthumu