Milimita Kumi na Tatu

Ilford, London
6 Januari 2002

Kwako Dada Mwanamwema,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mdogo wako. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepata nafuu na watoto wote hapo Wete wako salama. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Wifi yako Suad anakusalimia sana. Anasema kanga ulizomletea zilifika, na moja ameshaikata pazia la jikoni, lakini usimwambie kama nimekwambia. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Ramadhani. Haukuwa uvivu. Nilikuwa na hasira, Dada, na hasira yenyewe bado haijanitoka vizuri.

Chanzo chake ni kazini. Sijapata kukueleza sawasawa kazi yangu, maana kila nikikwambia natengeneza barabara unanipa pole kama mtu anayevunja kokoto juani. Mimi naendesha mashine ya kutandaza lami. Lami inaletwa na malori ikiwa ya moto, mashine inaipokea kwa mbele na kuilaza kwa nyuma, nami naipeleka polepole kuliko mtu anayetembea. Wenye reki wanafuata wakisawazisha kando, kisha roli la chuma linapita juu na kushindilia. Siku chache baadaye anakuja mkaguzi wa kaunsili na rula ya mita tatu yenye magurudumu, anaisukuma barabara nzima, na pale palipoinuka au kubonyea mshale unamwonyesha kwa milimita. Milimita nne zinavumilika. Penye saba pawe pachache. Zikipita kumi, hata pahala pamoja tu, lami inakatwa na kulazwa upya. Ukifikiria njia yenu ya kwenda Chake utacheka, lakini watu wa huku wamezoea basi liteleze, na wanalipigania hilo.

Katika wenye reki alikuwamo Mzee Tarsem, Singasinga aliyezaliwa Nakuru, jirani yangu wa mitaa mitatu kutoka hapa. Miaka ishirini na sita ameshika reki. Alikuwa amebakiza mpaka mwezi wa tano apumzike kwa heshima. Tukipanda treni asubuhi tunazungumza Kiswahili, chake cha bara, changu cha Pemba, tunachekana mpaka abiria wanatukodolea macho. Na nikufahamishe jambo: Ramadhani nzima hakula mbele yangu hata siku moja. Chapati zake alikwenda kuzilia ndani ya gari, na madirisha akayafunga.

Sasa sikiliza walichomfanyia. Barabara yenyewe iko Harrow, mbele ya nyumba ya wazee. Mkaguzi, mwanamke anaitwa Ann, alisukuma rula yake, akasimama, akarudi nyuma, akasukuma tena, akachora chaki ya njano. Milimita kumi na tatu. Msimamizi wetu Severin hakuita kikao wala hakumpa mzee nafasi ya kusema. Aliandika kwamba mwenye reki amezeeka na mkono umekuwa mzito, na saa ileile akamwambia Mzee Tarsem avue kizibao cha kazi na arudi kwao. Miaka ishirini na sita, Dada! Alikivua, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kofia yake ya kazi. Akaondoka kwa miguu mpaka stesheni.

Mimi nilipandwa na mori. Kosa la reki huwa kando, fupi, limekaa ovyo ovyo. Lile la Harrow lilikatiza barabara nzima, limenyooka kutoka ukingo huu mpaka ule. Mwenye reki hata angetaka kuliharibu kwa makusudi asingeweza kuliharibu vile. Asubuhi ya pili nilimfuata Severin uwanjani mbele ya watu wote, nikamwambia ni dhalimu, anawatupa wazee kama magunia matupu, na kama angekuwa mzee wa rangi yake asingethubutu. Severin aliniuliza kwa upole, kama si reki, basi ni nini. Nikazidi kupiga kelele. Mpaka sauti ikanikauka.

Habari zilienea. Siku ya Idi, baada ya sala, Bwana Abdulsamad, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wazanzibari, alisimama akawaambia watu kwamba Uislamu ndio huu, kijana wa Wete kumtetea Singasinga mbele ya mkubwa wake. Wakanipa mikono. Suad alinipikia biriani peke yangu. Nilikula, Dada, lakini haikunishuka.

Haikunishuka kwa sababu barabara ile niliiharibu mimi.

Lami ina sharti moja kubwa, mashine isisimame. Ikisimama, bamba zito la nyuma linazama na lami inapoa, na ukiiondoa tena inaacha bonde lenye mgongo, kutoka ukingo mpaka ukingo. Roli likipita jicho halioni kitu, lakini rula inaona. Miaka yote Ramadhani ikiangukia msimu huu, ambapo jua linakuchwa kwenye saa kumi tungali kazini, mwenzangu Solomon hunishikia mashine dakika chache nikafuturu na kuswali. Siku ya kumi ya mfungo Solomon alikuwa mgonjwa. Asubuhi Severin alinitania kwamba leo lami haitangojea adhana. Ni utani tu. Tende nilikuwa nazo mfukoni, ningeweza kutia moja mdomoni bila kuondoa mkono, nikaja kuswali lori la mwisho lilipoondoka. Mungu hakutufanyia dini kuwa mzigo. Lakini ule utani ulinichoma siku nzima. Wakati ulipofika, Severin alikuwa kwenye kona akipanga malori. Nilizima mashine, nikatandika koti langu kando ya njia, nikaswali rakaa tatu. Wala sikufanya haraka. Nilichagua sura ndefu, kumkomoa mtu ambaye hata hakuwa ananiona.

Ann alipochora chaki ile, alisema palepale kwamba inaelekea mashine ilisimama. Severin akanigeukia akaniuliza. Nikamjibu haikusimama hata nukta moja. Hakuuliza mtu mwingine. Alimwambia Ann kwamba mtu huyu yumo ndani ya mfungo wake, hawezi kusema uongo. Ikabaki reki.

Na Mzee Tarsem alikuwa hatua nne kutoka pale.

Jumanne iliyopita nilikwenda kwake. Alinikaribisha, akanitilia chai ya maziwa, nikamweleza yote. Akasema alijua. Siku ile alikuwa nyuma yangu na reki yake, na nilipokuwa nimesujudu alisimama upande wa barabara ili magari yasinirushie matope. Akasema alinyamaza kwa sababu neno lile lilikuwa langu mimi kulisema. Kisha aliposikia nimemvaa Severin uwanjani alifurahi, akamwambia mkewe basi sasa Vuai atasema. Akangoja. Wiki tano amengoja, Dada.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini, Ann naye alikuwapo, nikasema. Severin hakunigombeza. Aliniuliza kama siku ile nilipomjibu haikusimama nilikuwa nimefunga kweli. Nikasema nilikuwa nimefunga. Akatazama chini, akasema amesikia. Yeye ambaye nimemwita dhalimu mbele ya watu, kosa lake lilikuwa kuniamini. Mzee Tarsem amerudishiwa kizibao chake, naye atafanya kazi mpaka mwezi wa tano. Mimi nimeondolewa kwenye mashine na bado sijui kama watanibakisha.

Najua Bwana Abdulsamad hupiga simu Pemba kila Ijumaa, na bila shaka sifa zangu zimeshakufikia. Nakujua pia wewe, barua zangu unawaita majirani ukawasomea barazani. Hii nayo wasomee. Waite walewale waliosikia sifa, usipunguze kitu, na ukifika pale nilipochagua sura ndefu usome polepole.

Nisalimie watoto wote, na Bi Jokha wa nyumba ya pili, na yeyote atakayeniulizia. Suad amekwishalala na mkono wa salamu ameuacha kwangu nikuletee. Niombee, Dada.

Mdogo wako,
Vuai